Wiki nane za Kichina cha biashara hapa Kampala, naeleza hela yangu ilikwenda wapi

Kilichonipeleka darasani ni vidole viwili. Mwaka jana nilikuwa kwenye video koli na muuzaji wa chaja wa Shenzhen, dukani kwake kelele, kwangu kelele za Kikuubo, mtaa wetu wa maduka ya jumla, hatusikilizani, nikamuuliza seti bei gani, kichwa cha chaja na waya wake, akanionyesha dole gumba na kidole cha shahada vimesimama kama mtoto anayecheza bastola. Mi nikahesabu, moja, mbili. Yuan mbili! Nikakaza uso furaha isionekane nikamwambia sawa, andika seti mia sita. Usiku nikamwambia mpaka mume wangu kwamba safari hii tumeokota. Kesho yake inakuja proforma, ile ankara ya awali, seti moja yuan nane. Nikaanza kugomba, mwenzangu anacheka tu, akanitumia picha ya mkono wake, bastola ile ile. Kumbe kwa Wachina hiyo ndo nane. Kuanzia moja mpaka tano wanaonyesha kama sisi, ila sita mpaka kumi wana alama zao za mkono mmoja, sita ni dole gumba na kidole cha mwisho, saba vidole vimebanwa kama unaokota chumvi, tisa kidole kimekunjwa ndoano, kumi ni ngumi au vidole viwili vimepishana msalaba. Miaka mitano naagiza mzigo kwa hao watu na sikuwa najua. Guangzhou kwenyewe nimekwenda mara mbili, lakini nilikuwa na ajenti na kalkuleta mkononi, nani anatazama vidole vya mtu.

Kwa wasionijua, mi ni mtu wa Tanga, nimeolewa huku, nauza vitu vya simu kwenye pleza moja hatua chache kutoka Kikuubo. Mashemeji wananitania kwamba bomba la mafuta linatoka Hoima linakwenda Tanga na mimi nimetoka Tanga nimekuja huku, tumepishana njiani. Wateja wangu wengi ni Wakongo wa Bunia na Butembo na Wasudani Kusini wanaoshukia Arua Park, ndo maana Kiswahili changu hakijapata kutu. Sasa tangu nimalize hilo darasa kila nikipanda ngazi kuna mtu ananisimamisha, mama Kichina vipi, inafaa au wanakula hela tu, kwahiyo naandika mara moja niwe nawatumia hii.

Jina la chuo silitaji kwasababu kuna mahali nitalaumu na sitaki kesi na mtu. Ila nijibu moja linaloulizwa sana, sio Taasisi ya Confucius, ile ya kufundisha Kichina pale Chuo Kikuu cha Makerere, ile ipo tangu 2014 na sijasoma pale, siwezi kusema chochote, kwangu mimi kufunga duka jioni afu nipande boda mpaka Makerere na jamu ile ni safari ya pili. Haka ka chuo kangu kako mjini huku huku, chumba kimoja ghorofa ya tatu, jioni tatu kwa wiki, saa kumi na moja na nusu mpaka saa moja na nusu, wiki nane, shilingi laki tatu na nusu. Tulianza watu kumi na saba tukamaliza tisa. Mwalimu ni dada wa Kichina, tunamwita Laoshi tu, maana yake mwalimu, anafundisha kwa Kiingereza, darasa linaelezana kwa Kiganda, na mimi na papa mmoja wa Butembo anayeagiza viatu tunanong'onezana kwa Kiswahili nyuma.

Niseme la toni kwanza maana ndo lilinitoa machozi. Kichina neno lile lile ukilipandisha sauti ni kitu kimoja, ukilishusha ni kitu kingine, na kwa mfanyabiashara mungu kaweka mtego mlangoni kabisa: mǎi, sauti inazama afu inainuka, ni kununua. Mài, sauti inaporomoka, ni kuuza. Hebu fikiria. Na ukiyaweka pamoja, mǎimai, ndo biashara yenyewe, kununua kuuza. Sisi Waswahili hatuna toni, sikio letu halikulelewa hivyo, mi nilikuwa nasikia mai na mai. Wenzangu Waganda wala hawakuhangaika, kuna kijana wa vitambaa alisimama akamwambia Laoshi kwamba mbona kwetu hata kabaka ukiitamka sauti tambarare ni mfalme, ukiinyanyua mwanzo inakuwa kadogo fulani kanadaka kitu. Darasa likacheka, mimi na papa wa Butembo tukatazamana tu. Papa yeye Kinande chake kilimwokoa baada ya wiki moja, nikabaki peke yangu na lugha yangu tamu ya pwani.

Na hapa ndo lawama ya kwanza na ndo kubwa. Kitabu wanachokupa ni fotokopi ya fotokopi ya fotokopi. Zile alama ndogo za toni juu ya herufi zimefutika zote! Yaani ukurasa wa kwanza kabisa umeandikwa mai ni kununua, mstari wa chini mai ni kuuza. Nilidhani kuna makosa ya uchapaji. Ilibidi nikae na Laoshi saa nzima anasoma mimi naweka vijialama kwa kalamu ya Bic kwenye kila neno, kurasa arobaini na kitu, wengine wakawa wanaomba nakala yangu waipige picha. Kwa laki tatu na nusu hii ni aibu. Mtu anayekwenda kujiandikisha aombe kuona kitabu kabla hajatoa hela, kama juu ya herufi hakuna alama rudi nyumbani. Kilichonisaidia mimi ni kamusi ya Pleco kwenye simu, ile ya kawaida ni bure, unaandika neno unaliona na toni zake.

Kwenye maandishi nilipona kidogo kwasababu yale maneno mawili yakiandikwa kwa herufi zao hayachanganyani, kununua ni 买 na kuuza ni 卖, kile kijimsalaba cha juu ni kama namba kumi yao. Laoshi akasema anayeuza ameongeza kumi juu. Faida hiyo, halijanitoka tena mpaka leo.

Sasa somo la namba. Hili tu, wangeniuzia hili peke yake kwa laki moja ningelipa. Sisi tunahesabu elfu, laki, milioni. Mchina ana kituo kingine, wàn, yaani elfu kumi, na kila kitu juu yake anakihesabu kwa hizo wàn, elfu hamsini ni wàn tano, laki ni wàn kumi, laki tatu na nusu yangu ni wàn thelathini na tano. Mi kichwa kiligoma, kila namba nairudisha kwenye laki afu naigawa afu nimeshasahau swali. Nikageuka kuangalia wengine nione nani anaumia na mimi. Hakuna! Darasa zima limetulia kama maji ya mtungi, wanamjibu Laoshi kabla hajamaliza. Ndo mama mmoja wa nguo za watoto akanigusa bega, nnyabo, hiyo si omutwalo tu? Na kweli, Kiganda elfu kumi ni omutwalo, elfu ishirini emitwalo ebiri, miaka yote nasikia watu wanataja bei hivyo soko la Owino na Kikuubo na mimi nafasiri kimoyomoyo kwenda kwenye elfu zangu. Siku hiyo nikaamua, nikitajiwa namba ya Kichina siipeleki Tanga tena, naipeleka Owino. Ikakaa.

Jingine ambalo lingenitia hasara siku moja ni dǎzhé, punguzo. Kwenye matangazo yao unakuta namba na herufi, tuseme 8折, bā zhé. Mtu wa huku akiona nane kwenye punguzo anafikiri asilimia nane, au mwenye tamaa anafikiri themanini. Hapana, maana yake utalipa nane ya kumi, umepunguziwa ishirini tu. Kwahiyo namba ikiwa kubwa punguzo ni dogo, jiǔ zhé, tisa, umepunguziwa kumi. Papa wa Butembo aliposikia alinyamaza kama dakika nzima afu akasema, "Dada, mi kuna viatu nilikimbilia saba, nikijua ni sabini." Sikumuuliza pea ngapi.

Maneno ya oda walifundisha vizuri, sina ubishi. Sampuli, jumla na rejareja, mzigo ulio tayari stoo, kiwango cha chini cha oda, meli na ndege, kontena, vyote tuliimba mpaka vikaingia. Yanayonifurahisha ni ya malipo. Ile asilimia 30 unayotanguliza ni dìngjīn. Ile 70 unayomalizia mzigo ukiwa tayari ni wěikuǎn, na Laoshi alilifungua lile neno, wěi ni mkia, kwahiyo hela ya mkia. Tangu siku hiyo kwenye pleza yetu deni lililobaki linaitwa mkia, nenda kaulize.

Misemo sasa, kwasababu tangazo lao limeandikwa misemo ya biashara kwa herufi kubwa na ndo iliyovuta wengi. Ipo kama thelathini, nusu yake ni pambo tu, ukimtamkia muuzaji atakupigia makofi afu bei iko pale pale. Ila kuna ya kazi. Huò bǐ sān jiā, bidhaa ilinganishe nyumba tatu, yaani usinunue duka la kwanza, hii naitumia, ukimwambia muuzaji hivyo anajua wewe sio wa jana. Yeye naye ana lake la kukujibu, yì fēn qián yì fēn huò, senti moja ya hela senti moja ya mali, ukilipa kidogo usilie na ubora. Hapo ukiwa hujui maana unacheka cheka tu kumbe umeshaambiwa ukweli kuhusu mzigo utakaopokea. Bólì duōxiāo, faida nyembamba mauzo mengi, hiyo ndo Kikuubo nzima, mtu anapata shilingi mia mbili kwenye boksi lakini maboksi hayahesabiki. Na ile ya kutundika kichwa cha kondoo ukauza nyama ya mbwa, guà yángtóu mài gǒuròu, sina haja ya kueleza kwa aliyewahi kuonyeshwa sampuli nzuri afu akafungua kontena. Wana mama wao pia kwenye misemo, Wang Po, anauza matikiti huku anayasifia mwenyewe, mi nikamwambia papa huyo kwetu tungemjibu kizuri chajiuza kibaya chajitembeza.

Na hapa ndo nilipolipa kisasi cha omutwalo. Laoshi akaandika chīkuī, akasema chī ni kula na kuī ni hasara, kwahiyo kula hasara, Waganda wakakunja uso, hasara inaliwaje. Mimi na papa tukapiga meza. Si ndo tunavyosema! Akaendelea, ile asilimia ya pembeni ambayo ajenti anachukua kwa muuzaji bila wewe kujua, nayo wanasema wanaila, chī huíkòu. Tena nikasema huyu amekulia Tanga. Afu ikaja chǎo yóuyú, kukaanga ngisi, maana yake kufukuza mtu kazi. Kimya. Kampala watu wanajua sangara, ngege na mukene, ngisi wengine hawajawahi kumtia machoni, kuna aliyeuliza kama ni mboga. Nikasimama mimi mtoto wa pwani nikawaeleza, ngisi ukimtupia kwenye mafuta ya moto anajikunja hapo hapo kama mkeka, na Laoshi akasema ndo hiyo hiyo, zamani mfanyakazi akiachishwa alikuwa anakunja matandiko yake anaondoka. Nikamwambia sisi tunasema amefungashwa virago. Aliandika kwenye daftari lake, virago, kwa pinyin, yaani Kichina kwa herufi zetu hizi, hata sijui aliweka toni gani.

Lawama nyingine hizi hapa nizipitie haraka. Vipindi vitatu havikufanyika kwasababu ya mvua na umeme na hawakuvilipa. Wiki nzima ya sita imekwenda kwenye brashi na wino kuandika herufi za baraka, picha zilikuwa nzuri za kupostiwa, mzigo haukusogea. Cheti wanachokupa ni chao wenyewe, mwenye mdogo wake anayetaka skolashipu amtafutie mahali wanapoandaa watu kwa HSK, mtihani rasmi wa Kichina, hapa sipo.

Ila kubwa ni hili. Kichina chetu ni cha redio, cha Beijing, kila sauti imepigwa pasi. Muuzaji wangu anaongea kama watu wengi wa kule kusini, sh na s kwake ni kitu kimoja. Darasani nne ni sì na kumi ni shí, tunazitofautisha vizuri. Kwenye voisi ya WeChat zote zinakuja si na si, kilichobaki ni toni peke yake, inashuka au inapanda, na mimi ndo nimeshawaambia sikio langu lilivyo. Kumi na nne na arobaini ndo usiseme, moja ni shísì nyingine ni sìshí, akitamka yeye ni kama nyoka anapita kwenye majani. Nilimchezesha Laoshi voisi moja akacheka akasema ah huyu wa kusini, akanitafsiria yakaisha. Sasa dada, wateja wako wote wanaagiza kusini! Walau siku mbili mngetusikilizisha voisi za wauzaji wenyewe, sio ile sauti ya mtangazaji kwenye spika. Mpaka leo namba za hela namwambia muuzaji aniandikie, na kama tuko video naomba vidole, maana vidole sasa navijua.

Kuna mtu aliniuliza kwani tafsiri ya simu haitoshi. Kwa kuuliza mzigo umefika wapi inatosha sana. Ila wauzaji wa mitandaoni wa kule wana neno lao la kumwita mteja, qīn, yaani mpendwa, kama sisi tunavyosema mpenzi mteja, na herufi hiyo hiyo ndo ya kubusu. Simu yangu iliwahi kutafsiri ujumbe wa saa tano usiku kuhusu protekta ikaanza na busu. Mume wangu ndo alikuwa ameshika simu.

Faida nimeiona wapi kwa hela? Oda yangu ya kwanza baada ya darasa ilikuwa zile zile chaja, yuan nane, seti mia sita. Nikamtumia voisi, lǎobǎn, tài guì le, bosi ni ghali mno, piányi yìdiǎn, punguza kidogo, nikamtupia na nyumba zangu tatu juu. Akacheka voisi nzima, akajibu sentensi ndefu nikaisikiliza mara sita jikoni wali unaungua, nilichodaka ni jiǔ zhé. Tisa. Nikajua ni asilimia kumi tu, ningekuwa yule wa zamani ningeshangilia tisini. Ikawa yuan saba nukta mbili, kwa seti mia sita ni yuan mia nne na themanini zimebaki kwangu, na yuan moja ilikuwa inacheza kwenye shilingi mia tano, piga hesabu, kama laki mbili na arobaini. Ada haijarudi yote ila inakaribia, na hiyo ni oda moja. Ajenti bado ninaye, asije mtu akafukuza ajenti wake kwa Kichina cha wiki nane, kukagua mzigo na kupakia kontena mpaka Mombasa hakufanywi kwa misemo. Ila ajenti mwenyewe naona siku hizi anazungumza na muuzaji akiwa mbali kidogo na simu yangu.

Anayeagiza mwenyewe kila mwezi aende, akaze hapo kwenye kitabu. Anayenunua mzigo uliokwisha kufika Kikuubo akauze rejareja aweke hela yake kwenye stoku.

Wameanza kuandikisha awamu ya pili, wanasema hii ni ya mikataba na madai ya mzigo mbovu, na kitabu kimechapwa upya, nimekiona, alama zipo. Nimelipa asilimia 30. Karani akaniuliza na iliyobaki, nikamwambia hiyo ni wěikuǎn, mkia utakuja nikishaona mzigo. Hakuelewa, ila nyuma ya pazia nilimsikia Laoshi anacheka.